Niliyojifunza kwa kuwekeza kwenye teknolojia ya chakula

Kila mwanzilishi anayekuja kwetu kuomba mtaji huwa na jibu zuri la kwa nini dunia inamhitaji. Mfumo wa chakula unatoa takriban theluthi moja ya gesijoto zote zinazotokana na shughuli za binadamu. Kilimo kinachukua karibu asilimia 70 ya maji baridi yanayovutwa mitoni, maziwani na chini ya ardhi. Ripoti ya Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa ya mwaka 2024 ilikadiria kwamba mwaka 2022 tani bilioni 1.05 za chakula ziliharibika au kutupwa madukani, migahawani na majumbani, na asilimia 60 ya mzigo huo ilitoka majumbani. Takwimu hizi ni za kweli na zinauma. Hata hivyo hazijawahi kunisaidia kuamua fedha ziende wapi, kwa sababu ukubwa wa tatizo haumwambii mwekezaji kama kuna mtu atakayelipia suluhisho, na kama akilipia leo atarudi kulipia tena mwezi ujao.

Nafanya kazi kwenye mfuko wa mtaji wa ubia unaonunua hisa za kampuni changa za chakula na kilimo. Kwa asiyeijua kazi hii: tunapokea fedha kutoka mifuko ya pensheni, taasisi na watu wenye uwezo, tunaziweka kwenye kampuni ambazo benki haiwezi kuzikopesha, na kwa desturi tunatakiwa kurudisha fedha hizo na faida yake ndani ya miaka kama 10. Kampuni nyingi tunazoziingia hufa au hubaki ndogo. Chache mno ndizo hulipia zote. Hesabu hiyo ilikomaa kwenye programu za kompyuta, ambako ukishaiandika programu, nakala ya milioni moja haikugharimu karibu chochote. Kilo ya milioni moja ya protini inagharimu. Inataka sukari, umeme, maji, matangi ya chuma cha pua, lori lenye jokofu, na mtu wa kuosha tangi saa nane za usiku.

Tofauti hiyo ilifichika wakati fedha zilipokuwa rahisi. Kwa hesabu za AgFunder, kampuni ya uwekezaji inayofuatilia sekta hii, uwekezaji wa mtaji wa ubia kwenye teknolojia ya chakula na kilimo duniani ulifika dola bilioni 51.7 mwaka 2021. Mwaka 2023 ulikuwa dola bilioni 15.6. Katikati hapo Benki Kuu ya Marekani ilipandisha riba kutoka karibu sifuri mwezi Machi 2022 hadi zaidi ya asilimia 5, bei za nishati zikaruka baada ya Urusi kuivamia Ukraine, na wawekezaji wa kupita njia wakarudi walikotoka. Wengi walisema soko limekufa. Mimi naona kilichokufa ni ile imani kwamba chakula kinaweza kukua kwa kasi ya programu.

Mashamba ya wima yalionyesha jambo hilo waziwazi kuliko kitu kingine. Nilitembelea moja lilipokuwa kwenye kilele chake. Rafu za letusi zilipanda hadi darini, mizizi ikining'inia hewani na kunyunyiziwa ukungu wa maji yenye virutubisho, bila dawa ya wadudu, na maji yakitumika kidogo sana ukilinganisha na shamba la wazi. Mwenyeji wetu alizungumza juu ya mavuno kwa mita ya mraba. Kilichonivuta mimi ni mngurumo uliokuwa juu ya vichwa vyetu. Taa zinatoa joto, mimea inatoa unyevu, na vyote viwili lazima viondolewe mchana na usiku, la sivyo ukungu unaota kwenye majani. Kwa hiyo unalipia umeme wa kutengeneza mwanga, kisha unalipia umeme mwingine wa kupambana na matokeo ya mwanga huo. Na zao lenyewe, letusi, ni maji kwa zaidi ya asilimia 90. Linamea haraka na karibu mmea wote unaliwa, ndiyo maana linachaguliwa, lakini halishibishi mtu, na mshindani wake analimwa kwa jua ambalo halitoi ankara.

Nilipouliza kilo moja inakula umeme kiasi gani, jibu lilikuja kwa barua pepe siku kadhaa baadaye, likiwa limefungwa ndani ya makadirio ya taa bora zitakazopatikana baadaye. Hatukuingia. Yaliyofuata kwenye sekta nzima yako kwenye kumbukumbu za umma. Kati ya kampuni za Marekani za mashamba ya wima, AeroFarms iliomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai Juni 2023, Bowery ikafunga shughuli Novemba 2024, Plenty ikaenda mahakamani Machi 2025. Wala jua peke yake halikuwa kinga, maana AppHarvest ya Kentucky, iliyolima nyanya kwenye nyumba kubwa za vioo, nayo ilifilisika Julai 2023. Jengo kubwa lililojengwa kwa mtaji ghali kabla ya wafanyakazi kulizoea zao linakula fedha bandu bandu hadi gogo linakwisha, liwe na taa au liwe na vioo. Bado naamini mashamba ya wima yana mahali pake, hasa kwenye kukuza miche na mimea yenye thamani kubwa kwa gramu. Yanayonisumbua ni mabilioni yaliyozama kwenye saladi wakati teknolojia nyingine za maana zilikosa hata fedha za majaribio.

Mfano ninaoutumia kama kipimo ni wa zamani na hauna mvuto wa magazeti. Jibini hugandishwa kwa kimeng'enya kinachoitwa kaimosini, ambacho kwa karne nyingi kilitolewa kwenye tumbo la ndama. Walaji wa jibini waliongezeka, ndama wa kuchinjwa hawakuongezeka kwa kiwango hicho, bei ikawa inapanda na kushuka ovyo. Wanasayansi wakachukua jeni ya ng'ombe inayotengeneza kaimosini na kuiweka ndani ya vijidudu vinavyokuzwa kwenye matangi, kazi inayoitwa uchachushaji, na mwezi Machi 1990 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ikaidhinisha kaimosini ya Pfizer iliyotengenezwa kwa njia hiyo, ikiwa kiungo cha kwanza cha chakula cha aina yake kupata idhini huko. Leo sehemu kubwa ya jibini ngumu ya Marekani inagandishwa kwa kaimosini ya matangi.

Angalia ilivyopita. Mteja alikuwa mtengenezaji jibini, mtu anayehesabu kila senti. Hakubadilisha mashine wala mapishi. Alihitaji kiasi kidogo sana kwa kila tani ya maziwa, kwa hiyo kimeng'enya kiliweza kuuzwa kwa bei ya kulipa gharama za tangi huku mchango wake kwenye bei ya jibini ukiwa haba. Na alipata kitu alichokuwa anakililia: usafi ule ule na upatikanaji ule ule kila wiki. Hakuna aliyeombwa kula kitu kwa ajili ya kuokoa sayari. Ninapoletewa kampuni ya uchachushaji, hata iwe na waanzilishi wenye akili kiasi gani, huwa najaribu kuipitisha kwenye maswali hayo hayo. Nani ananunua? Anatumia kiasi gani? Anabadilisha nini kwenye kazi yake? Anaondokana na usumbufu gani leo hii?

Nyama inayokuzwa kutokana na seli inapata shida kwenye maswali hayo, na nasema hivi nikiwa ninaipenda kazi hiyo. Mwanasayansi Mark Post wa Chuo Kikuu cha Maastricht, Uholanzi, alipoonyesha baga ya kwanza London mwezi Agosti 2013, iligharimu takriban euro 250,000 na mfadhili alikuwa Sergey Brin, mmoja wa waanzilishi wa Google. Singapore iliruhusu kuku wa namna hiyo kuuzwa Desemba 2020, Marekani ikafuata Juni 2023. Kisha siasa zikaingia: Italia ikapiga marufuku mwishoni mwa 2023 na Florida mwaka 2024. Vyombo vya habari vinazungumzia marufuku hizo sana. Mimi nadhani kikwazo kikubwa zaidi kipo ndani ya tangi. Bakteria kama *E. coli* katika mazingira mazuri hugawanyika kila dakika 20 hivi, ilhali seli ya mnyama huchukua kama siku nzima. Bakteria mmoja akipenya kwenye tangi lenye lishe nzuri na joto la mwili, seli zako hazina nafasi ya kushindana naye. Ndiyo maana kila valvu, kila mpira wa kuzibia, kila bomba lazima viwe safi kwa viwango vya kiwanda cha dawa, halafu bidhaa iuzwe kwa bei ya nyama ya dukani.

Hapo ndipo nilipojifunza jambo ambalo limebadilisha namna ninavyochunguza kampuni. Tulikuwa kwenye karakana ya majaribio ya kampuni moja ya protini za uchachushaji. Wasilisho lilikuwa limekwisha, picha zilikuwa nzuri. Mama mmoja aliyekuwa msimamizi wa matangi aliniuliza kama ningependa kuona daftari lake. Lilikuwa daftari la kawaida lenye madoa. Kila tangi lilikuwa na ukurasa wake: tarehe ya kuwasha, kiwango cha asidi kila baada ya saa chache, hewa iliyopulizwa, uzito uliovunwa. Kurasa kadhaa zilikuwa zimekatwa kwa mstari mwekundu wa kuvuka ukurasa mzima, na chini yake sababu: mpira wa valvu umechakaa, umeme umekatika, harufu ya siki saa ya 30, tangi limemwagwa. Akanionyesha jinsi mistari myekundu ilivyopungua kuanzia katikati ya daftari, na ni badiliko gani lilifanyika kabla ya kila kipindi kizuri.

Tuliweka fedha pale kwa sababu ya lile daftari. Wasilisho linaonyesha tangi lililofanya vizuri kuliko yote, daftari linaonyesha yote. Tangu hapo naomba kumbukumbu za matangi au za mashamba ya majaribio kabla ya kusoma makadirio ya mauzo, na naomba kuzungumza na mtu anayefanya kazi zamu ya usiku. Kampuni zinazokataa kutoa kumbukumbu hizo kwa hoja ya siri za biashara naziheshimu, lakini siziwekei mtaji. Kuna njia za kuziba jina la kijidudu kinachokuzwa na bado ukaonyesha ni mara ngapi tangi lilimwagwa.

Upande wa shamba mambo yanakwenda polepole zaidi. Tangi likiharibika, unaanza upya wiki ijayo. Mbegu mpya, kiuatilifu cha kibiolojia au vijidudu vya kufunga naitrojeni kwenye mizizi vikijaribiwa, jibu linakuja baada ya mavuno, na msimu mmoja hauthibitishi kitu kwa sababu mvua ya mwaka huo ilikuwa yake peke yake. Mkulima mwenye akili hujaribu kipande kidogo, hungoja, hujaribu kipande kikubwa kidogo, hungoja tena. Waanzilishi wengi waliotoka kwenye programu huona huo ni ubishi. Mimi nauona ni weledi: yeye ndiye atakayekosa mapato ya mwaka mzima bidhaa ikishindwa, wakati sisi tuna kampuni nyingine kwenye kapu.

Halafu kuna teknolojia inayofanya kazi vizuri kabisa na bado haina mlipaji. Kiongeza cha chakula cha ng'ombe kinachoitwa 3-NOP, kinachouzwa kwa jina la Bovaer, kinazuia kimeng'enya ambacho vijidudu vya tumboni hukitumia kutengeneza methani, ambayo ni gesijoto. Kwa ng'ombe wa maziwa hupunguza methani kwa takriban asilimia 30. Umoja wa Ulaya ulikiidhinisha mwaka 2022, Marekani mwaka 2024. Sayansi ipo. Lakini ng'ombe hatoi lita za ziada za kulipia gharama yake, kwa hiyo mfugaji anaombwa alipe ili hewa ya watu wote iwe nafuu. Fedha lazima zitoke kwingine: kiwanda cha maziwa kilichoahidi kupunguza gesijoto, serikali, au mnunuzi wa mwisho. Kampuni yoyote ya namna hiyo ikija kwetu, mkataba na huyo mlipaji wa pembeni ndio bidhaa halisi ninayoichunguza.

Afya inafanana na hali hiyo, na hapa ndipo wenzangu wengi huchanganya mambo. "Bora kwa afya" na "endelevu" hutajwa kwa pumzi moja kana kwamba ni kitu kimoja. Bidhaa inaweza kutoa gesijoto kidogo na ikawa imejaa chumvi. Inaweza kuwa na virutubisho tele na ikawa imesafirishwa kwa ndege. Kila dai linataka ushahidi wake, na mimi hukataa alama moja ya jumla inayoyachanganya. Kwenye kampuni moja ya vyakula vya tayari tuliweka kiwango cha juu cha chumvi kwenye mkataba wa hisa, kwa kuwa Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, na mlo mmoja wa majaribio ulikuwa unakaribia nusu yake. Mpishi wao alipinga sana. Akarudi baada ya wiki kadhaa na mchanganyiko wa uyoga na chachu uliofanya chumvi ipungue bila ladha kufa, na huo ndio ukawa mlo wao unaouzwa zaidi.

Ugumu wa afya kibiashara ni kwamba faida yake hufika ikiwa imechelewa, tena kwa mtu mwingine. Anayeokoa fedha mtu asipougua kisukari baada ya miaka 15 ni wizara ya afya, kampuni ya bima na familia yake, si duka lililomuuzia chakula. Uswisi ilianza kutia madini joto kwenye chumvi mwaka 1922, Marekani mwaka 1924, na uvimbe wa tezi ya shingo (rovu) ukapungua kwa mamilioni ya watu. Pengine hiyo ni miongoni mwa teknolojia za chakula zenye manufaa makubwa kuliko zote, na hakuna mfuko wa mtaji wa ubia ambao ungetajirika kwayo. Ndiyo maana bidhaa ya afya inayotegemea soko lazima impe mnunuzi kitu leo: ladha, bei, urahisi. Baga za mimea zilifundisha hilo hadharani. Beyond Meat iliingia soko la hisa Mei 2019 kwa dola 25 kwa hisa, siku ya kwanza ikapanda zaidi ya mara mbili, miezi michache baadaye ikavuka dola 200, kisha ikashuka chini sana ya pale ilipoanzia. Watu wengi walionja. Waliorudi kununua tena hawakutosha.

Kuna mfuko mmoja wa kuhifadhia nafaka ambao mimi huutaja kila tunapoingiza mchambuzi mpya kazini. Una tabaka tatu: mbili za plastiki ndani, na gunia la kufuma nje. Ulibuniwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Purdue cha Marekani wakifanya kazi na wenzao wa Kameruni mwishoni mwa miaka ya 1980. Ukijaza kunde na kufunga kila tabaka vizuri, wadudu waliomo wanaimaliza oksijeni, wanaacha kula na kuzaana, na hatimaye wanakufa. Bila dawa, bila umeme. Uliendelezwa kwa fedha za umma na za wafadhili, na umesambaa nchi nyingi. Mchambuzi mpya kwa kawaida huniuliza mbona hatuwekezi kwenye vitu kama hivyo. Namjibu kwamba mfuko ukiwa rahisi kuigwa na faida yake ikiwa ndogo kwa kila kimoja, mtaji wetu ungeudhuru: tungelazimika kupandisha bei ili kurudisha mara 10 ya tulichoweka. Kuujua mpaka wa fedha zako ni sehemu ya kazi.

Kwa upande mwingine, hisa zimetumika kujenga viwanda, jambo ambalo kwangu ni matumizi mabaya kabisa ya fedha ghali. Mwanzilishi anauza robo ya kampuni kununua matangi, mwaka unaofuata anauza robo nyingine kununua mabomba, na bidhaa inapofika sokoni hana tena sauti kwenye kampuni aliyoianzisha. Sasa tunawashauri wakodi uwezo kwenye viwanda vya wengine hadi mteja wa kweli asaini mkataba wa kununua kwa miaka kadhaa. Mkataba huo ndio wanaokwenda nao kwa mkopeshaji. Ruzuku ilipie sayansi, hisa zilipie hatari ya kujaribu, mkopo ulipie chuma. Inachukua muda mrefu zaidi, na kuna waanzilishi walioondoka kwetu wakaenda kwa mwekezaji mwenye haraka.

Hilo la muda tumelipeleka kwa wenye fedha wenyewe. Kwenye mfuko tunaouandaa tumeomba miaka 15 badala ya 10. Baadhi ya wawekezaji wetu wa awali walijitoa, wakiwa na sababu zao halali. Waliobaki wengi ni mifuko ya pensheni, na kwao jambo hili halikuhitaji hotuba, kwani wana wastaafu wa kuwalipa miaka 30 ijayo. Tunachobishania sasa ni kipengele kimoja: kampuni ikipata faida huku kipimo chake cha afya au cha gesijoto kikiwa kimeshuka, nini kifanyike? Mimi nashikilia kwamba hisa za ziada za waanzilishi, na asilimia yetu sisi wasimamizi wa mfuko, visitolewe hadi kipimo kirudi. Mwanasheria wetu anasema kipengele hicho kitawafukuza waanzilishi wazuri. Waanzilishi niliowaonyesha rasimu wamesema wako tayari kusaini, kwa sharti kwamba anayepima asiwe mwekezaji wala mtu anayelipwa na mwekezaji, na sasa tunatafuta chuo kikuu kitakachokubali kazi hiyo.